Rangi Chini ya Bolti

Twalib alibisha hodi mlango wa mbele. Raya, mjukuu wangu, alichungulia dirishani, akamwona, na uso wake ukajifunga kama duka saa ya sala.

"Mafundi wanapitia nyuma," alisema, kisha akavuta pazia.

Miezi saba kabla ya siku ile, kijana huyo huyo alikuwa anajiandaa kuleta wazee wake wapite mlango ule wa mbele kumposa. Sasa alizunguka nyumba na mkoba wake wa spana begani, akaingilia uani. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka nikichambua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali."

"Chalinze si mbali, Bibi. Nimeondoka baada ya alfajiri."

Akaingia jikoni, akaweka nanasi la Kiwangwa juu ya meza, akatoka. Hakunionyesha. Alikumbuka tu kwamba meno yangu yamebaki machache na kwamba nanasi la Kiwangwa huwa laini. Mimi vitu kama hivyo huwa navihesabu.

Raya naye alikuwa amekwisha kuliona.

"Nani kamwita huyu?"

"Mimi," nikamjibu. "Nilimpigia simu jana."

"Bibi! Siku moja kabla ya wageni?"

"Mafundi wawili wa hapa mjini wamemgusa Ngamia, wamebadili betri, wamebadili plagi, bado amelala. Mawingu ya vuli yamekwisha kuanza. Chumvi yako iko juu ya matuta kule Nunge, na mvua haiulizi fundi ni nani."

Ngamia ndilo jina tulilompa pikipiki yetu ya magurudumu manne. Miaka minne alikuwa anavuta tela la chumvi juu ya matuta membamba ambapo gari haliwezi kupita, na Raya ndiye aliyekuwa anamwendesha, mtandio umefungwa kichwani, tangu wazazi wake walipotangulia mbele ya haki na mashamba ya chumvi yakabaki mikononi mwake. Siku tisa sasa Ngamia alikuwa amekufa pale uani, mdomo umeelekea ukutani.

Na wageni aliowataja Raya walikuwa wazee wa Bader, kijana wa Dar aliyekuwa amemposa. Wangekuja kesho yake, Ijumaa, baada ya sala kuchukua jibu la posa. Ami yake Raya, Mahfoudh, mdogo wa marehemu baba yake, ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwozesha, na yeye jibu lake alikuwa nalo tayari. Bader si mtu mbaya. Alipokuja mara ya kwanza aliniletea kanga, akanisaidia kuvuka kizingiti. Lakini Raya alikuwa bado hajasema ndiyo, na hajasema hapana. Kila nilipomuuliza, alikwenda kumtazama Ngamia.

Sasa alileta kigoda, akakiweka hatua mbili kutoka kwenye pikipiki, akakaa. Akaweka chini sahani ya bati.

"Kila utakachofungua, kiweke humu. Nitahesabu. Na kwanza mimina mkoba wako, nione umekuja na nini, ili nijue unaondoka na nini."

Watu wetu wote wanamkalia fundi. Usipomkalia, wanasema, chombo kinarudi nyumbani kikiwa nusu yake. Lakini kumkalia mtu uliyetaka kuolewa naye ni jambo jingine. Twalib alipiga magoti, akamimina mkoba juu ya gunia: spana, bisibisi, testa, vipande vya waya, msasa, mkanda wa umeme. Mwisho kikadondoka kijiwe cha chumvi, cheupe, kimefungwa kwenye nailoni.

"Na hicho?" Raya aliuliza.

"Hicho si cha kwenu tena. Nilipewa."

Raya alikitazama. Nami nilikijua. Kilikuwa cha mavuno yake ya kwanza. Masikio yake yalibadilika rangi, akainamia sahani kama vile tayari kulikuwa na bolti za kuhesabu.

"Anza kazi," alisema.

Twalib aliwasha swichi. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Akabonyeza kitufe cha stata. *Tik.* Basi. Akabonyeza tena. *Tik.*

"Alikufa ghafla, au alikuwa anasumbua?"

"Wewe unajua," Raya akasema. "Tangu ulipomshika wewe alianza kusitasita asubuhi."

"Nimeuliza kama fundi, Raya."

"Nami nimejibu kama mwenye chombo."

Twalib akafungua kiti, akaweka bolti mbili kwenye sahani. Raya akahesabu kwa sauti: moja, mbili. Twalib akapima betri kwa testa, akaniita mimi nisome namba, kwa sababu Raya hakutaka kusogea karibu naye. Nikavaa miwani, nikasoma kumi na mbili nukta saba.

"Bonyeza stata, Raya, tafadhali. Bibi aendelee kusoma."

Raya alinyoosha mkono kama anayegusa sufuria ya moto, akabonyeza. *Tik.* Namba haikushuka.

"Betri nzima," Twalib alisema. "Imeshiba. Ingekuwa inafanya kazi, namba ingeshuka. Nguvu ipo, haifiki tu."

"Wale wa juzi walisema ni stata."

"Wanaweza kuwa wakweli. Tutajua."

Hapo geti la uani likalia na Mahfoudh akaingia, kanzu nyeupe, kofia ya Kiomani kichwani. Alipomwona Twalib alisimama kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Assalaam aleykum, Ami," Twalib akasema, akainuka.

"Waaleykum salaam. Nimeuliza anafanya nini."

"Nimemwita mimi, Mahfoudh, mwanangu," nikasema. "Kaa. Kahawa ipo kwenye birika."

"Bi Mkubwa, umemwita mwizi aje kutazama alichobakisha?" Hakukaa. "Ngamia, Mjapani wangu, alikuwa anawaka kwa kuguswa tu! Nilimnunua mwenyewe, mzima, orijino. Huyu kamfanyia huduma moja, mara kusitasita. Tukafungua, tukakuta nini ndani? Kile kiboksi cheusi cha umeme kina maandishi ya Kichina! Mjapani ametiwa moyo wa Kichina, na moyo wake umekwenda kuuzwa."

Hiyo ndiyo habari iliyovunja posa ya Twalib. Wote watatu tulikuwa tunaijua, lakini Mahfoudh hakuchoka kuisimulia.

"Sikuchukua kitu, Ami," Twalib alisema polepole.

"Ndiyo maneno yako ya siku ile. Huna mengine?"

Twalib akarudi kwenye magoti yake. Alichukua waya mnene, akaushika kwenye kichwa cha betri, upande wa hasi.

"Mchina ni Mchina," Mahfoudh aliendelea, akimwambia Raya. "Vitu vyao vinang'aa dukani, mwaka mmoja vimekwisha. Mjapani unamrithisha mwanao. Kila kitu kina asili yake, mwanangu, na asili haijifichi. Chombo, mbwa wa kuwinda, hata mkwe."

Nilimtazama. Miaka thelathini iliyopita, kaka yake alipomtaka mwanangu Zuwena, mama yake Raya, maneno kama hayo yalisemwa juu ya Zuwena wangu, nyumba hii hii. Mahfoudh alikuwa kijana wakati ule, na ndiye aliyebeba sahani za halua siku ya ndoa, anacheka. Labda amesahau.

"Ami, mimi nafungua vyote," Twalib alisema bila kugeuka. "Pale Chalinze yanapita malori ya kila nchi. Nimeona Mjapani aliyeoza kama ndizi kwa sababu mwenyewe hakumwosha maji ya bahari. Nimeona Mchina ana miaka kumi, anakwenda Tanga na kurudi. Chombo ni kutunzwa."

"Wewe ungesema nini kingine? Ndiyo biashara yako."

"Raya, gia iko huru?"

"Iko huru."

"Bonyeza."

Aligusisha ncha ya pili ya ule waya kwenye chuma cha injini. Raya akabonyeza. Ngamia akakohoa, akatetemeka mwili mzima, injini ikazunguka kwa nguvu mpaka kuku wangu wakaruka. Raya akaachia kitufe, mkono mdomoni. Kwa nukta moja alimtazama Twalib kwa yale macho ya zamani, ya siku alizokuwa ananiaga kwamba anakwenda kuangalia matuta wakati matuta hayakuwa na shida yoyote. Twalib naye alimtazama. Kisha kila mmoja akakumbuka.

"Stata nzima," Twalib alisema. "Ni waya wa ethi. Umeme unatoka kwenye betri vizuri, lakini hauna njia ya kurudi. Huu waya wangu umeupa njia."

"Kwa hiyo tatizo liko wapi hasa?" Raya aliuliza. Alikuwa amesahau kukaa.

"Unapofungwa kwenye fremu. Tuufuate."

Aliufuata kwa kidole, chini ya kiti, nyuma ya betri, mpaka kwenye bolti moja iliyokaza waya kwenye fremu nyeusi. Akaleta uso karibu. Nikaona kidole kikisimama. Nikaona mabega yakishuka, kama mtu aliyesoma jina lake kwenye karatasi asiyoitarajia.

Halafu akasema, "Nitavuta waya mpya kutoka betri mpaka kwenye injini. Atawaka leo leo. Hapa tupaache."

"Tupaache kwa nini?" Raya akauliza.

"Si lazima kupagusa."

"Umesema tatizo liko hapo. Sasa hapo hapaguswi?"

"Waya mpya utatosha, Raya."

"Mimi sikuuliza kama utatosha." Alisogea. "Twalib, unaficha nini hapo?"

"Mwambie akwangue!" Mahfoudh akasema kutoka nyuma. "Sasa tutaona. Akwangue mbele yetu!"

Nami nakiri, niliingiwa na shaka. Nilimwita yule kijana kwa imani yangu, na sasa nilimwona amekaa mbele ya bolti moja kama anayekinga jeraha. Nikajiuliza kama nanasi nalo lilikuwa na kazi yake.

Raya alichukua spana mwenyewe, akalegeza ile bolti, ikadondoka mchangani, hakuitafuta. Akaokota msasa. Twalib akaweka kidole gumba juu ya fremu, kando tu ya tundu la bolti.

"Raya. Tafadhali. Si sasa."

"Toa kidole."

"Nitakwambia wewe peke yako."

"Miezi saba umekuwa na nafasi ya kuniambia mimi peke yangu. Toa kidole."

Akakitoa. Alisimama, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama chini.

Raya akasugua. Rangi nyeusi ilitoka kama maganda, na chini yake kikatokea kibati kidogo, kimepigiliwa kwenye fremu. Akapuliza vumbi. Akasoma. Akasugua tena, akasoma tena. Nilisogea na miwani yangu. Maandishi yalikuwa yale yale, kama ya kwenye kile kiboksi cheusi, mistari miwili, na chini yake, kwa herufi tunazozijua sote, neno moja: CHINA.

Mahfoudh aliinama, akasogeza kichwa mbali, akakirudisha karibu, kama vile herufi zingebadilika. Kofia yake ilikuwa imepinda na hakuiweka sawa.

"Kile kiboksi..." Raya alisema.

"Ngamia alizaliwa nacho," Twalib akajibu.

"Na hii rangi?"

"Aliyemuuzia Ami alikuwa amepaka. Siku ile ya huduma niliikwangua ili waya ushike vizuri, nikaona kibati. Nikapaka tena."

"Kwa nini?"

Twalib alimtazama Mahfoudh, na nawaapia hakukuwa na ushindi machoni mwake.

"Wazee wangu walikuwa waje wiki ile. Na Ami alikuwa kila mgeni akija anamleta hapa uani, anamwonyesha Mjapani wake. Ningeingiaje kwenye nyumba ya watu kwa kumwambia mwenye nyumba kwamba alitapeliwa? Nikasema hili nitalibeba, si zito."

"Si zito!" Raya alirudia. "Ulipoitwa mwizi?"

"Nilisema sikuchukua."

"Mara moja!"

"Wewe mara moja haikukutosha?"

"Haikunitosha, Twalib! Ningetosheka vipi? Kiboksi nimekishika mkononi, wewe umesimama mlangoni, umesema neno moja, ukaondoka kwenda Chalinze! Umemsitiri Ami, vizuri, Mungu akulipe. Mimi je? Umeniacha miezi saba nikijiuliza nilipenda mtu wa namna gani. Hiyo heshima yako ilikuwa na nafasi ya watu wote isipokuwa mimi."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja chenye rangi, akajipaka weusi shavuni. Twalib aliinua mkono, kisha akaurudisha. Hakuwa na haki nao.

"Ni kweli," alisema. "Na kuna jingine, bora nilimalize leo. Tazama hapa ulipolegeza."

Raya akatazama. Nami nikatazama. Mahali waya ulipokaa hapakuwa na chuma kitupu. Palikuwa na rangi.

"Nilipaka haraka haraka, nikafunga bolti kabla haijakauka. Rangi ikaingia chini ya waya. Umeme ukawa unapita kwenye nyuzi za bolti tu, na chumvi ikawa inazila kidogo kidogo, mpaka zikaisha. Kosa la mwanafunzi." Akapumua. "Ami alikuwa sahihi kwamba Ngamia ameharibika mikononi mwangu. Sikuiba. Lakini nimemuua mimi."

Raya alicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, lakini kilikuwa kicheko, na sikuwa nimekisikia nyumbani kwangu tangu upepo wa kusi uanze kuvuma.

"Rangi," alisema. "Kwenye nyumba ya chumvi. Sisi tunapaka rangi hata bawaba, ewe Twalib, nawe ukajifunza hilo kwetu."

"Nilijifunza vibaya."

Mahfoudh alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni. Alionekana mzee. "Miaka minne," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Miaka minne nawaambia watu."

"Miaka minne amebeba chumvi, mwanangu," nikamwambia. "Katika jua na maji ya bahari, hajalala siku moja mpaka alipotiwa rangi. Hakuwahi kukuambia yeye ni Mjapani. Ulimwita hivyo wewe."

Nilidhani atakasirika. Aliinuka, akaja mpaka pale, nikaogopa. Akainama, akapapasa mchangani, akaiokota ile bolti aliyoiangusha Raya. Akaipangusa kwa pindo la kanzu yake nyeupe, ikaacha alama ya kutu na grisi. Akaiweka kwenye sahani.

"Tatu," alisema kwa sauti ndogo. Basi. Hakuomba radhi, na Twalib hakuidai. Lakini ile kanzu ilikuwa nzuri kuliko zake zote. Nimeihesabu na hiyo.

"Ami," Raya alisema. "Wageni wa kesho wasije."

Mahfoudh alifumba macho. "Nitawaambia nini, Raya? Watu wameshajiandaa."

"Waambie ukweli. Bader ni mtu mwema, hastahili mke ambaye kila akiulizwa jibu anakwenda kutazama pikipiki."

"Na huyu?" Akaonyesha kwa kidevu.

"Huyu sijamsamehe."

Twalib aliinama akaanza kusugua fremu. Alisugua sana kuliko ilivyohitajika.

Mahfoudh alinitazama mimi, kama anayetaka nimsaidie kusema hapana. Nikaendelea kuchambua mchele. Mwishowe akaiweka sawa kofia yake. "Nitawapigia kabla ya adhuhuri," alisema, akaenda kwenye geti. Pale akageuka. "Fundi. Mchina huyo... unasema miaka kumi anafika?"

"Akioshwa maji matamu kila jioni, Ami, anafika. Inshallah."

"Hm," Mahfoudh akasema, akatoka.

Tukabaki watatu. Raya alisimama kati ya kigoda na pikipiki, shavu lina weusi, sahani iko miguuni. Nilimwona akimtazama yule kijana mgongoni, shati lililolowa jasho, mikono inayosafisha chuma mpaka kiwe kitupu na cheupe. Alitazama kwa muda. Kisha akainama, akashika kigoda, akakiingiza ndani.

Twalib aligeuka, akakuta hakuna aliyemkalia. Spana zake zilikuwa zimetapakaa juu ya gunia, bolti tatu zinang'aa kwenye bati, Ngamia tumbo wazi, na hakuna macho juu yake. Akababaika kuliko alipoitwa mwizi.

"Raya! Sasa nani atahesabu?"

"Zihesabu mwenyewe!" Sauti ya mjukuu wangu ilitoka jikoni. Nilisikia kisu kikiingia kwenye nanasi. "Na ukimaliza usitokee hapo nyuma. Nawa mikono, zunguka, ubishe hodi mbele. Una miezi saba ya kueleza."

Nikaacha mchele wangu, nikaenda barazani polepole kwa miguu yangu. Mlango wa mbele tulikuwa hatujaufungua siku nyingi, na komeo lilikuwa limeshika kutu ya chumvi. Nikachukua mafuta ya nazi, nikalitia tone kwa tone, mpaka likaanza kusogea.